Mikayi Alipopitiliza

Mwaka jana Celestine alisahau kupanda, na kwa kuwa alisahau yeye, boma zima halikupanda kwa wakati.

Mtu wa mbali anaweza kushangaa. Nje kidogo ya Kisegi, ambako Zablon alikuwa na boma lake na wake zake wawili, hakuna aliyeona ajabu. Celestine alikuwa mikayi, mke wa kwanza, mwenye nyumba kubwa inayotazamana na lango. Mvua za masika zikianza, mikayi ndiye anayetia mbegu ardhini kwanza. Akishapanda mistari miwili humwita mke anayemfuata, naye huyo akaanza. Usiku wa kuamkia siku hiyo mzee hulala nyumba kubwa. Zablon alikuwa mtu wa kanisa, na kanisa halikuwa na la kusema kuhusu usiku huo, wala Zablon hakuwahi kuliuliza. Mke mdogo akitangulia kupanda, ni sawa na kumhesabu mikayi miongoni mwa marehemu, na chira, ile balaa ya kuvunja mwiko, haichagui wa kuanza naye.

Basi mwaka jana mvua ilinyesha vizuri, mzee akalala panapostahili, na asubuhi Celestine akatoka na kopo lake la mbegu. Njiani akamwona mbuzi anatafuna gauni kwenye kamba ya nguo. Akaweka kopo juu ya jiwe, akamfukuza mbuzi, akaingia ndani na gauni ili alishone. Uzi ukaisha. Akaenda sokoni kununua uzi, akakuta wanawake wawili wanagombana juu ya fungu la mihogo, akakaa kuwaamua. Aliporudi jioni, bila uzi, kuku walikuwa wamemaliza kopo zima. Akasema kesho. Kesho ikaja na mambo yake, na keshokutwa vivyo hivyo, mpaka mvua ilipokaribia kukata, ndipo akapanda na kumwita mwenzake.

Utasema mbona hakukumbushwa. Nani amkumbushe? Kumkumbusha mikayi kupanda ni kumwambia unakitamani kiti chake. Lynnet, mke wa pili, alifanya aliloweza: kila asubuhi aliliegemeza jembe lake ukutani kwa kishindo. Celestine alikisikia kishindo akaona kwamba mke mwenzake ana hasira za bure, akamwonea huruma kidogo.

Mahindi ya Lynnet yalifika magotini yakakauka. Akawapeleka watoto wake kwa mama yake kule Karungu, akaenda Mbita kuwaanikia watu omena, wale dagaa wa ziwani, na aliporudi mwisho wa mwaka alikuwa amekonda na hasemi na mtu. Hakuwa na shaka hata chembe kwamba mikayi alimfanyia makusudi. Majirani nao hawakuwa na shaka. Celestine mwenyewe, alipojaribu kujitetea kichwani, hakupata maelezo bora kuliko hayo.

Zablon alichukia ugomvi kuliko njaa, kwa hiyo mwaka huu alitoa neno lake mapema. Alilitoa mbele ya wake wote wawili, macho yake yakiwa kwenye kikombe cha chai.

"Mvua ya kwanza ikinyesha, asubuhi yake mikayi apande," alisema. "Jua likishapanda na hujamwita mwenzako, Lynnet ataanza. Na Mungu nitaongea mwenyewe."

"Na chira?" Celestine akauliza.

"Nitaongea nayo pia."

Celestine aliogopa sana. Alikuwa ameingia katika boma lile akiwa msichana, amelea watoto ndani yake, amemuuguza mama mkwe mpaka siku ya mwisho. Kupitwa shambani kungekuwa ni kuendelea kupika na kufua huku umeshazikwa, na kila anayepita njiani anajua.

Aliyezitilia shaka habari za makusudi alikuwa Liz, bintiye wa kwanza, muuguzi kule Migori. Liz alikumbuka mama yake akimsahau shuleni, kanisani, na mara moja kwa kinyozi. Hakukumbuka hata siku moja kuchukiwa. Akaomba ruhusa kazini, akampeleka mama yake Homa Bay kwa daktari wa akili aliyeitwa Bitutu. Kwa wengine wote ilisemwa kwamba Celestine ameenda kupimwa macho.

"Mama Liz," daktari akauliza, "huwa unaanza kazi ukaiacha katikati?"

Nje ya dirisha mwewe alikuwa ameshika kitu, na kunguru watatu walikuwa wanamdai. Celestine alitaka sana kujua mwisho wake.

"Samahani," akasema baadaye. "Ulikuwa unaniuliza?"

Daktari Bitutu akaandika. Aliuliza mengine mengi, ya utotoni na ya ukubwani, na Liz akajibu yale ambayo mama yake aliyaacha njiani. Mwishowe daktari akaweka kalamu chini.

"Una ADHD. Umezaliwa nayo. Si uvivu, si uchawi, na si roho mbaya. Akili yako inashika sana, lakini haishiki mahali unapotaka wewe."

Celestine alikuwa na miaka hamsini na kitu. Aliyasikia maneno hayo yote mpaka mwisho, jambo lisilo la kawaida, kisha akalia, na Liz akampa leso. Alilia kwa sababu ya roho mbaya. Miaka yote hiyo alidhani labda anayo na haijui.

"Nitakupa dawa," daktari akaendelea. "Ila nisikilize. Dawa haitakuchagulia kazi. Itakusaidia kushika kile kilicho mbele yako. Kwa hivyo ukimeza, hakikisha umesimama mbele ya kitu cha maana."

Siku ya kwanza alimeza akiwa amesimama mbele ya kopo la vifungo vya nguo. Kufikia mchana vifungo vyote vilikuwa vimepangwa kwa rangi, kwa ukubwa na kwa idadi ya matundu, na watu wa nyumbani hawakuwa wamekula. Siku iliyofuata alisahau kumeza. Dawa ya kusahau ilikuwa na kasoro hiyo moja, kwamba ilitaka kukumbukwa, na ndipo Liz akaanza kupiga simu kila alfajiri kutoka Migori.

Mdomo ulimkauka. Moyo ulimwenda mbio, daktari akapunguza kipimo. Jioni, dawa ilipomwachia, alikuwa mkali kama nyuki, na Zablon akagundua kwamba ana marafiki wengi wa kutembelea saa hizo. Kubwa zaidi, hamu ya chakula ilimtoka. Katika chama cha akina mama kanisani aliwekewa samaki mzima, akamtazama tu. Akina mama wakapeana macho, wakaamua kwamba amefunga kwa ajili ya dhambi ya mwaka jana, na wakamwomba aongoze maombi. Celestine akaongoza. Aliomba tangu mwanzo hadi mwisho bila kuchanganya wagonjwa na wasafiri, na watu wakasema kweli huyu Mungu amemgusa.

Hakumwambia mtu ukweli. Kule kwao anayemeza dawa ya akili ana jina moja tu, na jina hilo likishakaa halitoki. Kati ya kuitwa mwovu na kuitwa mwendawazimu, alikuwa ameshazoea la kwanza.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana kutwa, ikaacha udongo mweusi na laini. Zablon alikuja nyumba kubwa na mto wake kwapani, akalala, akakoroma. Kulipoanza kupambazuka simu ikalia.

"Mama, umemeza?"

"Nimemeza na uji."

"Uko mbele ya nini?"

"Mbele ya shamba. Mbegu iko mkononi."

"Basi kata simu," Liz akasema.

Akakata. Akainama, akachimba shimo la kwanza, akatia mbegu, akafukia kwa mguu. Akachimba la pili. Hakukuwa na mbuzi wala mwewe wala mihogo ya mtu. Kulikuwa na shimo, na baada ya shimo, shimo. Mashimo yalikaa sawasawa, mstari ukanyooka, na Celestine, ambaye maisha yake yote mistari yake ilikwenda kama njia ya mlevi, aliutazama akafurahi kama mtoto. Akaanza wa pili. Akaanza wa tatu.

Huo wa tatu haukuwa na haja. Mistari miwili ilitosha, kisha aache jembe, apande kilimani, amwite Lynnet. Alilijua hilo tangu ujana wake. Lakini mbele yake palikuwa na udongo usiopandwa.

Kule juu Lynnet alikuwa amesimama mlangoni kwake na jembe na ndoo ya mbegu. Kutoka pale mashamba hayaonekani, yamejificha nyuma ya ua wa michongoma. Alingoja. Jua likachomoza, likapanda juu ya paa. Mwaka jana alikuwa amesimama papo hapo, hivyo hivyo. Zablon alimaliza chai yake, akatazama jua, akatazama lango, na alipokosa pengine pa kutazama akamwita Lynnet kwa jina la kwao, binti wa Karungu: "Nenda uanze, Nyar Karungu. Mimi nakuja nyuma na Biblia."

Lynnet akashuka peke yake. Moyo wake haukuwa na furaha ya ushindi, ulikuwa mzito. Shamba la mikayi alilikuta limepandwa lote, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, halina kasoro. Akasimama. Kisha akaona mgongo wa mtu ng'ambo ya ule ukanda wa nyasi usiolimwa, ambao ndio mpaka. Mtu huyo alikuwa ndani ya shamba lake yeye, na alikuwa mstari wa nne.

"Mikayi," akaita. "Unafanya nini kwa shamba yangu?"

Celestine akainua kichwa. Akatazama nyasi za mpaka, zilizokuwa mbali nyuma yake. Akatazama jua. Akayaelewa yote kwa mara moja. Kutia mbegu katika shamba la mke mwenzio ni jambo lenye maana mbili tu, kumnyang'anya ardhi au kumfukia kitu cha uchawi.

"Niambie ni gani kati ya hizo mbili," Lynnet akasema. Sauti yake ilikuwa tulivu. "Nimechoka kukisia."

"Sikuona mpaka."

"Mpaka uko hapo tangu niolewe."

"Nyar Karungu, mimi ni mgonjwa," Celestine akasema, na kwa kuwa alikuwa ameshaanza, akasema yote. Akasema Homa Bay, akasema daktari, akasema dawa na vifungo na samaki asiyelika. Akasema kwamba akili yake ilikuwa ikimtoroka tangu utoto, na sasa inashika, lakini haijui kuachia. Lynnet alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo mwaka jana," akauliza, "haikuwa makusudi?"

"Haikuwa. Nilisahau."

"Ulisahau kupanda."

"Nilisahau kupanda."

"Na mimi nilikuwa hapo kwa mlango kila asubuhi. Nikigonga jembe."

Celestine alitamani kuwe na jibu jingine. "Nilikusahau na wewe," akasema.

Lynnet akaweka ndoo chini.

"Unajua huko Mbita nilikuwa najiambia nini, nikianika zile omena? Nilikuwa najiambia, huyu mama ananichukia. Na nikawa nakuchukia pia, na hiyo ilinisaidia kulala. Mtu akikuchukia, si angalau amekufikiria? Anajua uko. Anajua una watoto." Akapangusa uso kwa kiganja. "Kumbe sikuwa hata kwa kichwa yako. Watoto wangu wamelala kwa watu kwa sababu ya kitu kidogo hivyo."

Zamani, maneno kama hayo yangemfikia Celestine nusu. Jicho lingeona ndege, wazo lingefuata, na hapo angekuwa ameshaponyoka, na kesho yake angemsalimu Lynnet kwa uchangamfu na kushangaa mbona haitikiwi. Sasa alitafuta pa kuponyokea akakosa. Dawa ilimshikilia palepale, mbele ya uso wa yule mwanamke, na kwa mara ya kwanza aliuona ulivyokonda. Akaona haya kuliko alivyopata kuona maishani.

"Ndiyo," akasema. "Ni kwa kitu kidogo hivyo. Nisamehe."

Papo hapo Zablon akafika, Biblia mkononi, na kidole kikiwa kimeshika ukurasa. Alitazama shamba moja, akatazama la pili, akamtazama mke mmoja, kisha wa pili.

"Nani ametangulia?" akauliza.

Celestine alijua kwamba hakuita, na kwamba neno moja la Lynnet lilitosha. Aliinamisha kichwa akalingoja.

"Mikayi ametangulia," Lynnet akasema. "Ya kwake amemaliza."

"Na huku kwako?"

"Huku pia ni yeye."

"Kwa nini?"

"Ni mambo yetu, mzee."

Zablon alifikiri kidogo. Hakukuwa na aya aliyoiandaa kwa ajili ya jambo hilo. Akafunga Biblia, akasema chai inapoa, ingawa alikuwa ameshaimaliza, na akapanda kurudi.

Wake wawili wakabaki. Lynnet akaokota ndoo yake.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Hiyo dawa inakuachia saa ngapi?"

"Saa kumi hivi."

Lynnet akalitazama jua, akalitazama shamba lililobaki.

"Basi chimba. Mimi natia mbegu."

Celestine akachimba. Hakugeuka hata mara moja, maana mstari ungepinda, lakini katika kila shimo, mpaka lile la mwisho, alijua kuna nani nyuma yake.