Ndege Iliyotua Bila Kusimama

Katika uwanja ule wa changarawe, ndege ya ruzuku ilikuwa na desturi yake: hushuka, magurudumu yakaigusa ardhi kwa adabu ya mtu anayeonja mchuzi, kisha ikapaa bila kufungua mlango. Serikali ililipia kila kutua, nao wenye ndege hawakuona sababu ya kusimama. Nesi wa zahanati alilalamika hadi akachoka. Kaka yake, jicho moja lilikwisha kuzimika kwa presha ya macho na la pili likififia. Daktari wa kumpasua alikuwa mji mkuu, na barabara ilisombwa na mafuriko.

Siku hiyo ndege ilisimama, kwa kuwa ilimleta Afisa Ruzuku, mtunzi wa masharti ya malipo hayo. Ikamshusha, ikaendelea hadi migodini, ingempitia alasiri.

Afisa aliwahutubia wagonjwa waliokaa kwenye benchi. "Ndugu wananchi, zamani mlisahaulika. Leo ndege inatua kwenu kila wiki!"

"Inatua, mheshimiwa, ila haisimami," nesi alisema.

"Dada yangu, kutua ni kutua. Ninyi watu wa pembezoni hamridhiki hata mkibebwa mgongoni."

Nesi alimtazama kuanzia viatu hadi tai, akamwona mtu aliyesoma sana ili asilazimike kuelewa.

"Basi kaka yangu apande nawe leo. Viti vipo."

"Hii ni ziara ya kikazi. Raia hapandi. Ni utaratibu, dada."

"Utaratibu," kaka mtu alirudia pale kwenye benchi, uso ameugeuzia mahali pasipo na mtu. "Nao una macho kama yangu."

Alasiri injini ilinguruma. Afisa aliweka tai sawa, akasimama kando ya uwanja na mkoba wake. Kule migodini rubani alikuwa amebadilishwa, na huyu mpya hakuambiwa kitu. Alifanya kama alivyofundishwa. Magurudumu yaligusa. Afisa alipunga mkono kwa bashasha. Vumbi likamfunika, na lilipotulia, ndege ilikuwa juu ya vilima.

"Si imetua, mheshimiwa?" nesi aliuliza.

Afisa alitimua mbio kuelekea zahanati, kwenye simu ya upepo, njia pekee ya mawasiliano mahali pale. Nesi alimtangulia, akafunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Viti viwili."

"Unanitishia? Mimi ni mtumishi wa serikali!"

"Hata mimi. Viti viwili, baba, au karibu ulale. Kitanda kipo, godoro ndilo halijafika."

Afisa alikitazama kitanda, na utaratibu ukalainika papo hapo.

"Mwite huyo mpuuzi! Mwambie abebe wawili."

Rubani aliuliza kwanza kama kutua kwa mara ya pili nako kungelipwa.

"Kutalipwa!" Afisa alifoka, bila haya hata kidogo.

Ndege ilirudi, safari hii ikasimama, na ndani yake nesi alimfunga kaka yake mkanda. "Usimwachie mtu mkono wako mpaka ufike kwa daktari. Na huyu usimshukuru."

"Amekaa upande gani?"

"Upande wa jicho lililozimika."

"Basi sijakosa kitu."

Afisa alijifanya anatafuta kalamu. Mlango ulifungwa. Kwenye benchi walibaki wengine waliohitaji kusafiri, na nesi alirudi kwao bila kupunga mkono.