Ongeza Gundi

Mkemia alifika maabara kabla ya chai, akavaa koti lenye madoa ya unga wa mizizi mfukoni, akatumbukiza kidonge kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu. Kasia dogo la chuma likaanza kukoroga. Kidonge kilitakiwa kuyeyuka kutwa nzima, kama mgeni asiye na haraka ya kuondoka. Kilipasuka hata hajaketi.

"Haraka haraka haina baraka," akasema meneja, akipita na kikombe chake. Alisema hivyo kila kidonge kilipopasuka, na mkemia alikwishachoka kucheka.

Dawa yenyewe, unga wa mizizi, ilifanya kazi. Mifupa iliyoliwa ndani kama mbao zenye mchwa ilijaa tena. Tatizo ni kwamba ikianza kujaa, ilianza pia kusema. Dawa ikitoka yote kwa mpigo, mifupa ilipiga kelele. Bibi mmoja wa majaribio alitolewa kwenye foleni ya benki kwa sababu goti lake lilikuwa likimsema marehemu mumewe. Ndipo ikaamuliwa unga wa mizizi uchanganywe na gundi ya mti, dawa itoke taratibu, mifupa iseme kwa sauti isiyozuia watu kuendelea na shughuli zao.

Mkemia alikuwa na sababu yake ya kuhangaika. Mama yake alikuwa amevunjika nyonga kwa kuinama tu kuokota kijiko. Akaingizwa kwenye majaribio, akapewa vidonge vyenye gundi.

Siku moja mchana, mama ameegemea mto anachambua mchele, kaka mkubwa yuko mezani anakula, nyonga ikasema kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya hali ya hewa:

"Maziwa alipewa kifungua mimba. Mama alikunywa maji yaliyosuuza kikombe."

Mkono wa kaka ukasimama hewani, kisha ukaendelea na safari yake mdomoni.

"Ndoo alibeba akiwa na mimba pevu," ukadakia uti wa mgongo. "Mume alikuwa amelala. Hakuwa mgonjwa."

"Mama, iambie hiyo mifupa inyamaze," kaka akasema.

"Nimeiambia, baba. Haisikii."

Kikafuata kifundo cha mkono. "Huyu wa kike alisoma kwa mkono huu. Ulisugua sakafu za watu mpaka akamaliza."

Mkemia, aliyekuwa akimimina chai, akageuka. Miaka yote aliambiwa amesomeshwa na mjomba.

"Ni kweli, mama?"

"Mjomba wako alitoa begi," mama akasema, akatupa kijiwe cha mchele nje.

Tangu hapo kaka akawa anakulia chumbani, televisheni ikiwa juu. Majirani hawakuuliza kitu. Nao walikuwa na mama zao.

Jioni moja mama akamwita mkemia kitandani kwake.

"Dawa yako inanisaidia, mwanangu. Nyonga haiumi tena. Lakini ongeza gundi."

"Nikiongeza, haitasikika."

"Ndiyo hivyo."

"Inasema kweli, mama."

"Kweli yangu naijua, sihitaji kusomewa. Kaka yako amekonda."

Kazini meneja naye alikuwa na lake. "Mgonjwa anameza," alisema, "lakini wanaonunua ni wanawe. Nani atanunua kitu cha kumsuta nyumbani kwake?"

Mkemia akaongeza gundi. Kidonge kikakaa kwenye glasi kutwa nzima, kikilika kingo kama kipande cha sabuni. Wenzake wakampigia makofi. Kwenye karatasi ya maelezo pakaandikwa kwa herufi ndogo: mifupa inaweza kunong'ona, si dalili ya hatari.

Mama akapona. Akaacha mkongojo, akaanza kupanda ngazi. Siku moja ya mapumziko kaka akatoka chumbani na karai la nguo chafu, akalitua miguuni pake.

"Naona nguvu zimerudi, mama."

"Namshukuru Mungu, baba."

Mama akainama. Mkemia, aliyekuwa karibu, akasikia kitu mgongoni mwa mama yake, kidogo sana, kama maji yanayochemka chumba cha pili. Akatega sikio. Hakuambulia hata neno. Akakunja mikono ya blauzi, akashika karai upande wa pili.

"Hebu acha," mama akamwambia. "Wewe umechoka. Nenda kapumzike."

Kweli alikuwa amechoka. Akaenda kulala.