Wigi la Kutazamwa Kisogoni

Dawa za hospitali zilimmaliza mdogo wangu nywele zote, hata nyusi. Aliporudi nyumbani baada ya miezi mitatu, mwanawe wa miaka miwili na nusu, tunayemwita Kidoti, alimtazama kisha akajificha nyuma ya gauni langu. Wiki ikapita. Kulala na mimi, kubebwa na mimi. Mdogo wangu hakulia. Alisema tu, "Dada, twende tukatafute wigi."

Dukani, muuzaji mwenye kucha ndefu na maneno mengi alitushushia wigi refu linalong'aa.

"Nyuzi tu hizi, lakini hata aliyekuzaa hatajua! Ona hapo kwenye paji, kama limeota."

Mdogo wangu akalivaa, akatabasamu kwenye kioo. "Hili hili."

"Geuka," nikamwambia. "Nenda mpaka mlangoni."

Akaenda. Kwa nyuma lilikuwa limekatwa sawasawa kama ufagio mpya.

"Silo."

"Mama, watu wanatazama uso!" Muuzaji akacheka. "Kisogo cha nini? Akupaye kisogo si mwenzio."

"Mwenzake huyu anakaa mgongoni," nikasema.

Kidoti amebebwa tangu shingo yake ilipokaza. Uso wa mama yake aliuona akishushwa tu. Kisogo ndicho alichokijua. Akisinzia, husokota nywele kidoleni. Nimetembea nyuma yao kila wiki tukienda ibadani, ndiyo maana najua.

Tulijaribu saba. Muuzaji akaacha kucheka, akavuta kiti. La nane lilikuwa refu, weusi wake umefifia kidogo, mawimbi hayalingani, ncha hii ndefu, ile fupi. Nikalisokota kidoleni. Likakubali, likaachia taratibu.

"Hilo limenidodea mwaka mzima," muuzaji akasema.

"Nifungie."

Nyumbani nilimketisha mdogo wangu mkekani achambue mchele, mlango akiupa mgongo. "Usigeuke. Usimwite." Nikamweka Kidoti chini mlangoni, nikajibanza jikoni nikichungulia, nikamwomba Mungu bila kufungua mdomo.

Mtoto alisimama kitambo. Akasogea. Akashika nywele, akazisokota, akanusa, akakunja uso. Mdogo wangu aliendelea kuchambua. Punje nzima alizitupa kwenye pumba.

Kisha Kidoti akampanda mgongoni, akalaza shavu.

"Nywele zako baridi."

"Zitapata joto," mama yake akasema, bila kugeuka.