Chukua Songea

Jumatatu asubuhi Kunegunda alitoka na ndoo kwenda bombani, pale pale mtaani kwao Mfaranyaki, akakuta bomba halipo. Palibaki shimo la tope na kipande cha sabuni ya mtu. Akamuuliza jirani yake Suzana, aliyekuwa anaanika mahindi.

"Limehamia Majengo, dada. Liko uani kwa Edmund."

"Lini?"

"Alfajiri hii. Lilipita hapa likiburuta paipu yake. Nikalisalimia, halikuitika."

Kunegunda akabadilisha njia, akaenda Majengo na ndoo yake.

Edmund alikuwa muuza mitumba na redio. Shirika la umma lililokuwa limeajiri nusu ya mtaa lilipobinafsishwa, yeye alinunua vyombo vya bendi ya wafanyakazi: magitaa, ngoma, kinanda na kanda moja. Bendi hiyo iliitwa Matogoro Roki, na haikupiga dansi la kawaida. Nyimbo zake zilikuwa na vyumba. Unaingia kwa kinanda, unapita kwenye gitaa lililo peke yake, unadhani umefika jikoni, kumbe ndiyo kwanza uko sebuleni.

Kanda ilirekodiwa zamani, ukumbini mwa shirika, Jumatatu ya Pasaka mchana, watu wamejaa mpaka madirishani. Pankrasi, mpiga gitaa, aliita, "Kitendawili!" Ukumbi mzima ukajibu, "Tega!" Akatega: "Nimekupa, na bado ninacho." Kisha gitaa likaanza kuzunguka na kitendawili chake, na watu wakawa wanajaribu.

"Moto!"

Ngoma ikakataa.

"Mafua!"

Ngoma ikakataa, lakini ikicheka.

Waliposhindwa kabisa, Pankrasi akasema, "Basi nipeni mji!" Sauti ya Kunegunda ikatangulia zote: "Chukua Songea!" Ukumbi ukamfuata, "Chukua Songea!"

Kila mtoto anajua kwamba mji wa kitendawili ni wa kuazima. Mtegaji anautembelea kidogo, anasifu ukarimu wa wenyeji, anatoa jibu, na mji unarudi kwa wenyewe. Pankrasi alifanya hivyo hivyo siku ile. Ila upande wa kanda uliishia pale mji ulipotolewa. Tak.

Edmund aliipeleka kanda kwa ofisa wa ardhi, kijana aliyehamia kutoka mkoa mwingine. Ofisa akasikiliza mpaka mwisho, akasema mambo yako wazi: mji ulipewa bendi, na mali ya bendi sasa ni ya Edmund. Tangu hapo, kila Edmund alipoipiga dukani kwake, kitu kilimfuata. Walianza mbuzi. Ikafuata mvua ya Lizaboni, ambayo ilinyesha Lizaboni lakini ikajaza tangi lake. Sasa bomba. Watu walinung'unikia umbali wa kwenda kuchota. Kuhusu mji wenyewe kuchukuliwa walisema tu, "Tulitamka wenyewe."

Kunegunda hakukubali. Alimfuata Pankrasi, siku hizi fundi baiskeli, akamshika mkono mpaka ofisini. Ofisa hakutoa shikamoo.

"Jibu ni sauti," Pankrasi akasema. "Nakupa, na bado ninayo. Mji tuliurudisha, mwanangu. Watu walipiga makofi."

"Ni jibu zuri, mzee. Lakini kwenye kanda halimo."

"Kwa sababu kanda iliisha!" akafoka Kunegunda.

"Ndicho ninachosema, mama. Halimo. Ile sauti ya kwanza ni ya nani?"

"Yangu."

"Ulilazimishwa?"

"Nilikuwa nimefurahi!"

"Basi," ofisa akasema, na kugeukia chai yake.

Hasira ya Kunegunda ilikuwa ya kutembea nayo, akatembea nayo moja kwa moja hadi dukani.

"Edmund, nipe sauti yangu."

"Chukua tu, mama. Mimi si mwizi." Akabonyeza redio.

Kunegunda akaweka mdomo kwenye spika. "Chukua Songea" ya kwanza ilipotoka, akaivuta kama mtu anavyonyonya embe, akaimeza. Ilikuwa na ladha ya togwa. Edmund akarudisha kanda nyuma kusikiliza. Kweli, haikuwemo.

Habari ikazagaa. Watu wakapanga foleni mpaka barabarani, kila mmoja akachukua ya kwake. Mzee Valence alipoimeza ya kwake alianza kuongea kama kijana, mkewe akamwambia afunge mdomo anamkumbusha mambo. Suzana alisukumana na mtu aliyetaka kuchukua mbili. Pankrasi alichukua sauti yake, gitaa akaliacha. Gitaa lilikuwa mali ya shirika, kwa hiyo sasa lilikuwa la Edmund. Muda wote Edmund alikaa kwenye kigoda akinywa soda, akibonyeza na kurudisha, bila kinyongo.

Walipokwisha, akapiga kanda tena.

Kinanda kikaingia. Pankrasi hakusikika, lakini ukumbi ulimjibu. Kisha ikaja, kwa furaha ile ile, nzito kuliko walivyotarajia: "Chukua Songea!"

Foleni yote ikarudi mlangoni.

"Ni marehemu," Edmund akaeleza. "Wako wengi kuliko nyie. Na hao sijawahi kusikia wakilalamika."

Kunegunda akaitambua mojawapo, iliyokwaruzwa na vumbi la tumbaku. Ilikuwa ya Tadei, mume wake. Akainama kwenye spika.

"Baba Walburga, nyamaza. Huyu anachukua kweli."

Tadei akacheka kama alivyocheka Pasaka ile, mtu aliyetoka zamu, mwenye kazi, mwenye kila kitu. Akavuta pumzi. "Chukua Songea! Chukua na nyumba yangu!"

Edmund akapunguza sauti ya redio. "Nyumba ya Tadei ni ipi? Ile ya mlango wa bluu?"

"Laana ikupate," Kunegunda akasema. "Ikupate na waliokuuzia."

"Amina," Suzana akaitikia.

Edmund hakuwasikia vizuri. Alikuwa anatazama barabarani, ambako mlango wa bluu ulikuwa umeshafika na nyumba yake nyuma, mahindi ya Suzana yamenasa kwenye msingi. Kunegunda akatoa ufunguo kwenye pindo la kanga, akautia mlangoni, akazungusha. Haukuzunguka. Akajaribu tena kwa mikono miwili.

"Samahani, mama," Edmund akasema. Akausukuma mlango kwa kidole, ukafunguka.