Mama Hakukatika

Dada yangu mdogo Winny aliponiuliza kama ataweza kujiwekea seva ya video nyumbani kwake, yaani kompyuta ya kuhifadhi na kurusha video zake mwenyewe, nilimjibu vibaya. Mimi ndiye fundi wa kompyuta hapa Busia mjini, na seva si sufuria ya ugali.

"Hiyo inataka mtu anayejua Linux na mitandao," nilimwambia. "Wewe ni mwalimu wa nasari."

Juzi Jumapili akaniita kwake. Juu ya kabati la vyombo palikuwa na laptop kuukuu yenye kioo kilichovunjika, ikinguruma taratibu.

"Fungua anwani hii kwa simu yako," akasema.

Nikafungua. Duara likazunguka, likazunguka, kisha simu ikakataa.

"Si nilikuambia?" nikafoka. "Hii kitu haifanyi!"

Winny akaiangalia simu yangu. "Kaka, simu yako iko Uganda."

Kweli. Seva ile ilipatikana kwa waifai ya nyumba tu, nami sikuwa nimeingia; laini yangu, kama kawaida ya hapa mpakani, ilikuwa imedaka mtandao wa ng'ambo. Fundi mzima! Nikaingia kwenye waifai, nikabonyeza tena.

Mama akatokea. Mama yetu tuliyemzika kijijini Khunyangu, akimenya njugu siku ya harusi ya Winny, akimcheka mpiga video. Alikuwa mkononi mwangu, na kwenye TV ukutani, na jikoni kwenye simu ya shemeji.

Winny akachomoa waya wa intaneti. Mama hakukatika. Akaendelea kucheka.

Nikakaa chini. Mama alikuwa nyumbani, na hakuna mtandao wa nchi yoyote uliomleta.