Hemedi Aangua Korosho Mbichi

Kaka yangu Hemedi amezaliwa hapa hapa Mpapura, lakini miaka kumi na tano ya ukarani bandarini imemkausha akili yote ya shamba. Sasa karudi, na mjomba katamka: msimu huu Hemedi asimamie mikorosho ya mama, akiiweza aitunze moja kwa moja. Mimi Riziki, niliyeipalilia na kuipulizia dawa tangu baba afariki, nikaambiwa nipumzike. Haya, nikapumzika.

Bwana mkubwa akaanza kazi na rula. Rula, jamani! Anapima korosho mtini na kuandika kwenye daftari. Wiki ya tatu akanijia mbio.

"Riziki, zinasinyaa! Juzi zilikuwa kubwa kuliko hivi. Miti inaumwa!"

Inaumwa! Hapa kijijini hata mtoto anajua korosho ndiyo hutangulia kunenepa, ya kijani, bibo, lile tunda lake, likiwa bado dogo. Kisha bibo linavimba, korosho inapungua na kukaza, mpaka vinadondoka vyenyewe tukaokota. Hemedi anadhani kukua ni kuongezeka tu, kama kitambi chake.

"Niziangue kabla hazijaisha?" akaniuliza.

Moyo wangu ulicheza ngoma. Nikamjibu, "Wewe ndiye msimamizi, kaka."

Siku mbili akaangua zote. Utomvu ukambabua, vidole vikatoka ngozi, nami nikacheka mpaka mbavu zikauma. Akazianika uani kwa mama. Zikakunjamana, na tulipozipasua, ndani mna vitu laini vyenye ukungu.

Mjomba akaita kikao. Nilijifunga kanga mpya, nikakaa mbele kabisa. Hemedi alikuwa kwenye mkeka pembeni, kainamisha kichwa, na wala sikumhurumia.

Mama akanigeukia mimi. "Alikuuliza kabla ya kuangua?"

"Aliniuliza."

"Ukamwambiaje?"

"Kwamba yeye ndiye msimamizi."

"Huyu hakujua," mama akasema. "Wewe ulijua. Mwaka mzima huu nitakula nini, mwanangu? Kicheko chako?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mjomba hakupaza sauti. Alisema mikorosho itatunzwa na Zuhura, binti wa mama mdogo, ambaye hata hakuwa ameiomba.

Hemedi akasogea kwenye mkeka wake kule pembeni, akanipisha nikae naye.