Shimo Mbele ya Geti la Kaka

Wenzake walimwita Taratibu, na jina lilimkaa. Miaka thelathini aliendesha malori bila kugonga hata ndoo. Ndiyo maana kampuni moja iliyotengeneza magari yanayojiendesha, ilipotafuta binadamu wa kuyafundisha ubinadamu, ilimwita yeye.

Maana magari yale, we acha tu. Sheria za barabarani yalizijua zote, ila akili ya kuishi na watu hayakuwa nayo. Yakiona mfuko wa nailoni unapeperuka, yanafunga breki kama yameona nyoka. Yakifika kwenye makutano yasiyo na taa, yanangoja kila mtu apite, na kwa kuwa watu hawaishi kupita, yanangoja mpaka abiria anachoka, anashuka na kwenda zake kwa miguu.

Kazi ya Taratibu ilikuwa kuendesha asubuhi, na mchana kukaa mbele ya skrini pamoja na mhandisi, binti mpole wa umri wa kitinda mimba wake, wakiitazama upya safari ile ile. Binti alisimamisha picha na kuuliza: hapa uliondoa mguu kwenye mafuta, kwa nini? Naye alijibu kwamba yule mama kamshika mtoto mkono lakini macho yako kwenye simu. Na hapa je? Yule wa baiskeli kageuza bega, anataka kuingia. Binti anaandika, mashine inajifunza. Taratibu alijiona kama mtu anayesimuliwa ndoto yake mwenyewe. Mikono ile kwenye skrini ilikuwa yake, na ilijua mambo ambayo yeye hajawahi kuyatamka.

Siku ya nne, binti alisimamisha picha mbele ya geti la bluu.

"Na hapa, mzee? Barabara tupu, hakuna mtu. Umepunguza mpaka karibu kusimama, halafu ukaondoka."

Geti lilikuwa la kaka yake. Mkubwa wake wa tumbo moja, fundi mwashi, aliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Miaka tisa walikuwa hawasemezani. Mama yao alipofariki, Taratibu alikuwa njiani na lori, safari ya siku mbili, na alipofika alikuta kaburi limeshafukiwa. Kaka hakumngoja. Pale pale, mbele za watu, Taratibu akatamka kwamba kuanzia siku ile yeye hana kaka. Ulimi hauna mfupa, jamani. Tangu hapo, kila akipita kwenye geti lile, mguu unaachia mafuta wenyewe. Moyo unamwambia ingia, kiburi kinamwambia kwa nini asianze kaka, na kabla hawajamaliza kubishana, geti limeshabaki nyuma. Hakuna kitu duniani alichokitamani kama kuingia mle ndani. Namna ya kuingia ndiyo iliyomshinda.

Sasa hayo utamweleza vipi mtoto wa watu, mchana kweupe, kazini?

"Shimo," akasema. "Pana shimo pale."

Binti akaandika shimo.

Njia ya mwongo fupi. Haikupita wiki moja, magari yote kumi na moja ya kampuni yakawa yanapunguza mwendo mbele ya geti la bluu, yanasitasita kidogo, kisha yanaenda zake. Baada ya wiki tatu za hivyo, siku ya Ijumaa, binti akavuta kiti, akakaa karibu naye. Alimwambia kwa adabu, bila kumkazia macho, kwamba wametuma mtu kwenda kupima, na barabara pale ni laini kama meza. Hakuuliza kwa nini alidanganya. Alisema tu kwamba Jumatatu shimo litafutwa kwenye kumbukumbu za mashine, magari yapite pale kama yanavyopita kwingine. Gari moja lilikuwa linatoka alasiri ile kwa majaribio. Akipenda, akae kiti cha nyuma, na likitokea la kutokea, kuna kitufe chekundu cha kulisimamisha.

Taratibu alikubali, roho ikimuuma. Kuanzia Jumatatu hakuna kitu ambacho kingepunguza mwendo kwa ajili ya kaka yake. Yeye mwenyewe je? Alijijua: angepunguza tu, asisimame.

Gari liliondoka kimya, usukani ukizunguka wenyewe. Liliwapisha wanafunzi kabla hawajashuka ukingoni. Lilimwachia nafasi mwenye mkokoteni, kisha likakata kona kwa upana, kama anavyokata mtu aliyezoea kuvuta tela. Jua la alasiri lilipita juu ya magoti yake, likatoka, likarudi. Mwili ulilegea, macho yakawa mazito, na ikawa hajui tena kama yumo ndani ya gari au ndani ya kichwa chake. Kila alichofikiria kukifanya, gari lilikuwa limeshakifanya. Kwa muda hata alisahau wanakoelekea.

Mbele ya geti la bluu, gari lilipunguza mwendo, kisha likasimama kabisa. Katikati ya barabara alikuwepo mtu ameinama, mwiko mkononi, karai la zege mbichi miguuni, anachungulia lami. Nywele zilikuwa nyeupe zote. Miaka tisa, jamani.

Kaka aliinua karai, akasogea dirishani. Alitazama kiti cha dereva, hakuna mtu. Akatazama nyuma. Wakaonana.

"Wiki tatu nalitafuta hilo shimo," akasema, kana kwamba anazungumza na gari. "Magari yote yanaliona, isipokuwa mimi."

Kaka akangoja. Akangoja tena kidogo. Kisha akasogea pembeni, kama mtu anayepisha gari lolote lile.

Na gari likaondoka.

Liliondoka kama lilivyofundishwa. Kupitia kioo cha nyuma, Taratibu alimwona kaka yake akizidi kuwa mdogo, karai mkononi, na kwa mara ya kwanza akaona kile anachokiona mtu aliyesimama getini: gari linakuja, linapunguza, linawaza, linakwenda zake. Siku zote yeye alijihesabu kuwa ndiye aliyeachwa. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Akabonyeza kitufe chekundu, akafungua mlango, akashuka.

Ilikuwa hatua kama mia mbili kurudi getini. Kaka hakuja kumpokea, lakini pia hakuingia ndani.

"Shimo hakuna, kaka," alisema alipofika. "Ni mimi niliyekuwa napunguza mwendo hapa. Magari yameniiga."

Kaka aliweka karai chini. Alifuta mikono kwenye suruali, akaifuta tena.

"Mlio wa lori lako naujua," akasema. "Kila ukipunguza, nasimama nyuma ya geti hili, nasema leo akisimama nafungua. Ukiondoka nasema basi, nitafungua kesho. Siku ile ya mama ilinipasa nikungoje, mdogo wangu."

Taratibu alilia pale pale barabarani, na kaka akamshika shingoni kwa mkono wenye saruji. Gari lingine lisilo na dereva likaja, likapunguza mwendo, likasimama. Hawakusogea kulipisha.